Niliyopitia nikisomea tiba ya mazungumzo kwa magonjwa makali ya akili hapa Mwanza

Muuguzi wa afya ya akili hujifunza mapema kuchoma sindano ya dawa inayodumu mwezi, kumtuliza mgonjwa aliyepandwa na ugonjwa bila kumuumiza, na kuwaeleza ndugu kwa nini dawa zisikatizwe. Kukaa na mtu anayesikia sauti na kumuuliza kwa utulivu sauti hizo ni za nani, zinamwambia nini na anazijibu vipi, hilo sisi wengi hatukufundishwa. Tuliambiwa tusiziulizie, tutazichochea. Unaandika kwenye faili "anasikia sauti", daktari anaongeza dozi, mgonjwa anarudi Igoma au Sengerema na sauti zake.

Nilikaa na hali hiyo miaka mingi wodini kabla ya kupata nafasi ya kusoma, kwa njia ya mtandao na chuo kimoja cha Uingereza, mafunzo ya juu ya tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo ya kupima pamoja na mgonjwa mawazo na mazoea yanayomtesa, kwa watu wenye skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyo ya kweli) na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno). Nimemaliza. Naandika kwa wauguzi, wanasaikolojia na maafisa ustawi wa jamii wanaofikiria kupita njia hii, na kwa ndugu wa wagonjwa wanaotaka kujua tiba hii inafanya nini hasa. Wagonjwa ninaowataja wameniruhusu, na nimegeuza mambo yao kiasi kwamba hata jirani hatawatambua.

Kazini walishangaa. Wengi wanaijua tiba hii kuwa ya sonona na wasiwasi, ya mtu anayeweza kukaa na kalamu akaandika mawazo yake. Lakini Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeiasisi, alichapisha mwaka 1952 taarifa ya mgonjwa wa skizofrenia aliyemtibu kwa mazungumzo, kabla hata tiba yenyewe haijapata jina. Jambo hilo lilikaa kando muda mrefu, mpaka miaka ya 1990 watu kama David Kingdon na Douglas Turkington kule Uingereza walipolishika kwa nguvu. Leo NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba ya nchi hiyo, katika mwongozo wake wa 2014 inataka mgonjwa wa skizofrenia apewe tiba hii pamoja na dawa, kwa vikao visivyopungua 16 vya ana kwa ana.

Huingii mafunzo ya juu bila ya msingi. Lazima uwe umeshajifunza kuitumia tiba hii kwa sonona na hofu, na uwe umewahudumia watu kwa njia hiyo chini ya msimamizi. Nakubaliana na sharti hilo kabisa. Katika magonjwa makali utaulizwa mambo mazito na mtu aliye katika hofu kubwa, na kama bado unahangaika kukumbuka hatua za kikao, hutamsikia.

Sasa gharama, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama katikati. Ada ilitozwa kwa pauni, kwa awamu. Nilikopa kwenye saccos ya kazini na makato bado yanaendelea. Ada lakini unaiona mapema na kujipanga nayo. Kinachokuja ghafla ni makato ya benki kila unapotuma fedha nje, shilingi kushuka kati ya awamu moja na nyingine, bando linaloliwa na masomo ya video, rekoda ndogo yenye sauti safi, na betri ya akiba kwa siku umeme unapokatika darasa likiwa katikati. Kuna na saa. Darasa la saa kumi jioni kule London hapa ni saa moja usiku majira yao ya baridi, na saa kumi na mbili jioni majira yao ya joto, kwa kuwa wao husogeza saa zao Machi na tena Oktoba. Andika tarehe hizo ukutani. Mwenzetu mmoja wa nchi jirani alikosa tathmini nzima kwa ajili hiyo, na hakukuwa na wa kumlaumu.

Na familia. Jioni zote hizo ni za mume wangu na watoto. Niliwaambia mapema kwamba mwaka huo nitakuwepo nyumbani lakini kama sipo, na mume wangu alipanga safari zake za kazi kufuata ratiba yangu. Bila hilo nisingefika.

Kiini cha mafunzo haya ni kurekodiwa. Mgonjwa akikubali, unarekodi kikao, msimamizi anasikiliza, anakupa alama kwa kipimo kinachoitwa CTS-R. Kina vipengele 12: ajenda ya kikao, namna ya kuuliza, kupokea hisia za mtu, kazi ya nyumbani na mengine. Kila kipengele kina alama 0 hadi 6, jumla 72, na kwa kawaida anayefikisha 36 ndiye anayehesabiwa kuwa amefaulu. Unaweza kuwa na shahada na miaka ya kazi, ukarudishiwa kikao chenye alama ndogo. Nililia siku niliyopokea karatasi ya kwanza. Baadaye karatasi hizo ndizo nilizozisubiri kwa hamu kuliko masomo yenyewe, maana hakuna mtu aliyewahi kukaa saa nzima akisikiliza namna ninavyozungumza na mgonjwa.

Rekodi huleta mambo mawili ambayo lazima uyamalize kabla hujalipa ada. La kwanza ni idhini. Sauti ya mgonjwa ikivuka mpaka wa nchi inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hospitali yako ina haki ya kujua. Omba kibali kwa maandishi, tengeneza fomu ya Kiswahili inayomweleza mgonjwa nani atasikiliza na lini rekodi itafutwa, na umwambie kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Wapo waliokataa. Kwa mtu anayeamini kwamba anafuatiliwa, rekoda mezani ni jambo la kutisha, na kumshinikiza ni kumdhuru.

La pili ni lugha. Msimamizi wangu hakujua Kiswahili, na wazee wengine kutoka Magu walikuwa huru zaidi kwa Kisukuma. Kila kikao nilichokituma ilibidi nikiandike neno kwa neno kisha nikitafsiri, na kikao kimoja kilikula jioni za wiki. Kwa hiyo uliza kabla: je, chuo kinapokea sehemu tu ya kikao? Je, yupo msimamizi anayezungumza Kiswahili? Wenzetu wa Kenya wameanza kupatikana. Kama majibu yote ni hapana, zidisha mara mbili muda uliopanga kusoma.

Kilichonibadilisha zaidi ni jinsi vikao vya mwanzo vinavyokwenda polepole. Hubishani. Humwambii mtu kwamba anachosikia hakipo. Unataka kujua maisha yake, usingizi, msiba uliotangulia, ilianzaje, na sauti ikija anafanya nini. Paul Chadwick na Max Birchwood walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mateso ya mtu hutegemea sana anachokiamini kuhusu sauti: ina nguvu gani juu yake, inamtakia mema au mabaya, na je, lazima aitii. Watu wawili wanaweza kusikia maneno yaleyale, mmoja akaenda shambani kama kawaida, mwingine akajifungia ndani.

Kuna hatua ambayo Waingereza huifanya kwa juhudi kubwa, ya kumwonyesha mgonjwa kwamba kusikia sauti kunaweza kumpata mtu yeyote: aliyekosa usingizi siku nyingi, aliyefiwa, aliyekaa peke yake muda mrefu. Kwetu hatua hii ni nyepesi. Nani Usukumani hajamsikia mtu akisimulia kwamba marehemu mama yake alimwita jina alfajiri? Watoto wetu wote wameonywa wasiitike wakiitwa usiku na mtu wasiyemwona. Nilipoanza kuliweka jambo hilo mezani, wagonjwa walilegea mabega. Mtafiti wa Marekani, Tanya Luhrmann, pamoja na wenzake, alichapisha mwaka 2015 mahojiano na wagonjwa wa San Mateo huko California, wa Accra na wa Chennai, 20 kila mahali. Wamarekani walizungumza zaidi juu ya sauti za kikatili zisizo na mwenyewe, wakati wengi wa Accra na Chennai walisikia Mungu au jamaa zao, na sauti hizo hazikuwa kali kiasi hicho. Tangu nisome hapo sianzi tena kwa "unasikia nini". Nauliza: "Ni nani huyo?"

Kulikuwa na mama muuza nyanya aliyeletwa na mama yake mzazi. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akakaa, akasema, "Dokta, mwanangu anakufa njaa na chakula kipo." Binti yake aliamini jirani anamtilia sumu. Alikula ndizi, machungwa na mayai ya kuchemsha peke yake, vitu vyenye ganda. Alishaacha meza yake sokoni. Dawa zilikuwa zimemtuliza, lakini hofu ilibaki palepale.

Mambo ya namna ile, ya kula chenye ganda tu, katika tiba hii huitwa tabia za kujikinga, na ndiyo yanayoilisha hofu. Kila siku anayopita bila kudhurika, anajiambia amepona kwa sababu ya ganda. Hapati nafasi ya kuona kwamba huenda asingedhurika hata hivyo. Msimamizi alinizuia nisiguse habari za jirani kabisa. Alitaka nimuulize hivi: hofu ikipungua, ungependa kufanya nini? Akajibu bila kusita: "Nirudi kwenye meza yangu."

Meza ikawa ndiyo lengo letu, jirani akawekwa kando. Tuliandika ngazi pamoja. Kwanza ugali aliousonga mwenyewe kwa unga alioununua mwenyewe. Kisha mboga aliyoipika mdogo wake yeye akiwa jikoni. Kisha kitumbua cha barabarani. Kabla ya kila hatua alitabiri kitakachotokea na kusema ana uhakika kiasi gani kati ya mia, na baadaye tuliangalia kilichotokea kweli. Uhakika ulishuka, ukapanda wiki aliyougua tumbo, ukashuka tena. Haukuisha. Hadi leo akiulizwa, anasema jirani yule si mtu mzuri. Lakini anakula na wanawe sinia moja, na yuko sokoni nusu siku.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo nilichopewa. Kanda yetu ya Ziwa ina historia ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mgonjwa akimtaja mtu kwamba ndiye anayemroga au kumwekea sumu, mtajwa naye yuko hatarini, na hatari hiyo inaweza kutoka kwa ndugu wazima wa akili waliokaa nje ya mlango wakisubiri. Nilimweleza msimamizi, akanisikiliza, tukatengeneza utaratibu wetu. Jina la mtuhumiwa haliandikwi kwenye karatasi ya kazi ya nyumbani. Halitajwi mbele ya ndugu. Nauliza waziwazi kama kuna mtu katika ukoo aliyezungumza habari ya kulipiza kisasi au ya kwenda kuagua. Na kama ipo, namhusisha ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Ukifundishwa na watu wa mbali, utaulizwa juu ya hatari ya mgonjwa kujidhuru au kudhuru mtu. Hatari ya bibi wa nyumba ya pili lazima uiongeze wewe.

Kuhusu mganga na mchungaji, siwakatazi watu. Nawaomba mambo mawili: dawa za hospitali zisiachwe, na mtu asifungwe kamba wala asinyimwe chakula. Familia inayoheshimiwa katika imani yake hurudi kliniki. Inayodhihakiwa hairudi.

Mgonjwa aliyenifundisha zaidi ni mvuvi wa dagaa mwenye baipola. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, kwa sababu taa haziwavuti dagaa tena. Familia yake ilikuwa na hakika kwamba mwezi mpevu ndio unaompandisha: kila mara alipoanza kuzungumza mbio, kukopa fedha za injini mpya na kugawa samaki bure, ilikuwa mwezi umejaa. Na kweli walikuwa wameona sawasawa, tarehe zililingana.

Tulichora kalenda, mimi na yeye na mkewe, tukaweka usiku wa kazi, saa za kulala, vidonge na siku za kupandwa na ugonjwa. Picha ikajitokeza yenyewe. Mwezi ulipojaa alikuwa ametoka kwenye mfululizo wa usiku mwingi bila usingizi. Na katika usiku huo huo alikuwa haniambii, wala hamwambii daktari, kwamba vidonge hamezi, kwa kuwa vinamletea usingizi ndani ya mtumbwi na mtu akisinzia ziwani anakufa. Ilikuwa sababu ya maana kabisa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daktari alibadilisha muda na aina ya dawa. Lakini usingizi haubadilishwi na daktari. Tulizungumza vikao vingi juu ya kuacha kwenda ziwani usiku na kufanya kazi ya mchana ufukweni, kununua, kuanika na kupeleka Mwaloni pale Kirumba. Kipato kilipungua, na kwa mwanamume aliyekuwa na mtumbwi wake, kukaa kwenye chanja za kuanikia pamoja na wanawake kulimuuma. Aliomboleza, na sikuharakisha maombolezo hayo. Mkewe ndiye aliyeshika orodha ya dalili za mwanzo, zile zake mwenyewe: kuimba alfajiri, kupiga simu usiku kwa watu asiowasiliana nao, kukopa. Zikitokea mbili kwa pamoja, simu inapigwa kwangu na kwa kaka yake siku hiyo. Imeshapigwa. Alilazwa kwa muda mfupi badala ya miezi, na mtumbwi haukuuzwa.

Wanaotaka kusoma wasitarajie miujiza. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 na Sameer Jauhar na wenzake ulikuta faida ya tiba hii kwa dalili za skizofrenia ni ndogo, na wataalamu wanaendelea kubishana. Kwangu ubishi huo una maana, kwa sababu unanizuia nisiahidi. Simwambii mtu sauti zitaisha. Namwambia tutajaribu zisimnyime usingizi, kazi na watu wake. Wapo ambao hawakupata hata hilo. Kijana mmoja wa Ukerewe aliacha baada ya vikao vichache kwa sababu nauli ya kivuko ilikuwa ya kuchagua kati ya kuja kwangu na chakula cha nyumbani. Tuliendelea kwa simu muda kidogo, kisha simu ikazimwa. Bado ninaye moyoni.

Na kuna siku tiba hii haifai kabisa: mtu akiwa amepandwa sana na ugonjwa, hali chakula, hatulii kitini, hapo ni dawa, maji, usalama na mtu wa kukaa naye. Uangalie pia madhara ya dawa kabla ya kudhani mtu hana hamu ya kuongea. Aliyekakamaa taya kwa haloperidoli, moja ya dawa za kutuliza ugonjwa, hawezi kujibu maswali yako, na kumsaidia ni kumwita daktari.

Vikao 16 kwa kila mgonjwa, katika kliniki yenye foleni inayofika getini, havitoshei. Ninachofanya ni kuoanisha kikao na siku ya sindano, ili nauli iwe moja, na kikao kiwe kifupi lakini chenye jambo moja tu la kushika. Wenzangu wachache wa hospitali mbalimbali za hapa mjini tunakutana baada ya kazi, mmoja analeta rekodi, wengine wanasikiliza na kumpa alama kwa kipimo kilekile cha vipengele 12, kwa Kiswahili, bila kutafsiri. Usimamizi wa nje niliolipia umekwisha muda wake, na kikundi hiki ndicho kilichobaki kunisikiliza.

Kama unapanga kuanza mwakani, anza kibali cha hospitali sasa hivi, kabla ya barua ya chuo. Kwangu kibali ndicho kilichochelewa kuliko vyote, na ada ilikuwa tayari imeshalipwa.